Kila Saa Mbili

Jumatatu, 9 Agosti 2021. Campbelltown.

Baridi. Nimelala na soksi. Bosi wa ghala letu kule Wetherill Park ametangaza nafasi moja ya kudumu ya kuendesha foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo. Ijumaa saa mbili asubuhi atawatumia vibarua wote barua pepe. Wa kwanza kujibu, kazi ni yake! Bila kazi ya kudumu siwezi kumwombea viza mke wangu, Apondi, aje huku ng'ambo, mipaka iliyofungwa kwa korona ikifunguliwa. Miaka miwili sasa namwona kwenye kioo cha simu tu. Leo nimesimama katikati ya makontena nikamwona anashuka ndege, mkoba begani, ananitafuta kwa macho. Nikapigiwa honi. Kumbe nimesimama njiani.

Shida ni simu yangu. Kizee! Betri yake inashika chaji kama kikapu kinavyoshika maji.

Jumanne, 10 Agosti

Nimemuuliza Nkatha, jirani yetu muuguzi, yeye upande wake wa uzio, mimi upande wangu, barakoa usoni. Akasema barua pepe zina njia tatu. Ukiweka Sukuma, barua inaingia papo hapo, ila simu haisinzii, inakaa macho mlangoni na chaji inakwisha. Ukiweka Chota, simu inakwenda kisimani kwa vipindi. Ukiweka Mkono, unakwenda mwenyewe ukiona kiu, na chaji inadumu. Sukuma! Mimi nilidhani ni mboga tu.

Mpango umejileta wenyewe. Mimi Sukuma. Fidèle, Mkongo ninayeishi naye, mpinzani wangu mkubwa kazini, lazima awe Mkono. Nimemwambia kwa upole kwamba Sukuma inaua betri, hata inaweza kulipuka mfukoni. Akabadilisha pale pale. Akasema, “Mungu akubariki sana, grand,” yaani kaka mkubwa, akanipikia sombe, kisamvu cha kwao. Nimeona haya kidogo. Nimeongeza sahani.

Alhamisi, 12 Agosti

Sukuma imeniangamiza! Nimetoka nyumbani chaji imejaa. Njia nzima barua zinamiminika: magodoro nusu bei, viatu, kwaya ya kanisa inayoimba kwa mtandao, magodoro tena. Kila barua simu inashtuka. Kufika langoni kazini, simu giza. Na kibali changu cha kutoka mtaani kimo humo humo! Mlinzi hakutaka hadithi. Nimesimama nje kwenye upepo mpaka Fidèle akaniletea chaja yake. Nimemchukia kwa moyo wote.

Jioni nimerudi kwenye mipangilio. Simu yangu inasema Kiswahili, niliibadilisha mwaka jana kwa upweke. Chini ya Chota nikaona: Kila saa 1. Kila saa 2. Kila saa 4. Nimeruka juu! Kila saa mbili! Simu inajua saa zetu! Watu wa huku wanasema nane, simu yangu inasema mbili, kama mtu aliyelelewa vizuri. Barua inakuja saa mbili, simu inaamka saa mbili, inachota, inalala. Nkatha ameniambia juu ya uzio kwamba sivyo, ni kama dawa: kila saa sita maana yake unameza, unangoja saa sita zipite, unameza tena. Nimemshukuru. Ni muuguzi, kila kitu anakiona dawa.

Ijumaa, 13 Agosti

Treni ya asubuhi. Ukungu umelala juu ya nyasi, watu kimya. Simu juu ya paja, chaji tisini! Siigusi. Kuigusa ni kuila. Fidèle ameketi mbele yangu, anafungua simu kwa kidole gumba, anafunga, anafungua. Mtu wa Mkono, maskini. Nimemhurumia.

Nikatazama nje. Nyumba zinapita polepole, na katika mojawapo Apondi yuko jikoni kwetu, dirisha limejaa jua, ananiuliza chumvi iko wapi. Nikamwambia kabati la kushoto. Akacheka. Saa mbili ikapita, simu kimya. Nikasema bosi naye ni binadamu, amechelewa.

Fidèle akaanza kulia. Kulia kabisa, barakoa imelowa. Amepata! Amekuwa wa kwanza kujibu. Akanishika mikono, akasema bila ushauri wangu betri ingemfia njiani.

Simu yangu imelia saa tatu na robo. Nimejibu. Mimi ni wa kumi na tisa. Nimekwenda chooni nikalia na mimi. Apondi nimemwambia mtandao ulisumbua. Akasema pole, akauliza kama nimekula. Heri angenigombeza.

Jumamosi, 14 Agosti

Nimelala mpaka mchana. Nimefikiri sana, na nimegundua kosa. Treni! Simu ilikuwa inakimbia, ikapotea, saa yake ikayumba. Nkatha amerudia habari za dawa. Nimemwitikia kwa adabu.

Halafu Fidèle ameingia na chai. Kumbe amemweleza bosi kwamba mimi ndiye niliyemwonyesha njia. Bosi amesema inakuja mashine nyingine, na nafasi nyingine! Barua itatumwa Jumatatu, saa nne asubuhi, kwa vibarua wote, wa kwanza kujibu. Nikamkumbatia, korona au si korona. Akanishauri niweke Mkono kama yeye, nichungulie mwenyewe saa ikifika. Mtu mwema, lakini teknolojia hajaielewa.

Jumatatu sipandi treni, nina shifti ya jioni. Nitakaa kitandani, simu imetulia. Nimejifungia chumbani, nimefungua mipangilio. Ipo! Kila saa 4!

Nimempigia Apondi. Nimemwambia aanze kuaga majirani.