Siku Nilipoyarekebisha Majina ya Wakulima

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, kwa kuwa Mgeni Rasmi amepata udhuru, waheshimiwa viongozi wa dini, wazee wangu, shikamooni, wafugaji, wakulima wa mahindi na ulezi mliotoka Mollo hadi Laela, na mimi mwenyewe, Teodori, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Amri za Kompyuta: itifaki imezingatiwa! (Makofi ya watu wawili.)

Ndugu wananchi, kwa mujibu wa stratejia yetu ya kidijitali, asilimia tisini na saba ya makarani sasa wanaweza kufungua folda mpya kwa mkdir, kuingia kwa cd na kutazama yaliyomo kwa ls, pasipo kugusa kipanya, na mafanikio hayo, bila kujisifu, yana jasho langu. (Mtu anakohoa.)

Yamesemwa maneno kuhusu Jumanne iliyopita, nami nitayasema kwa uwazi na uwajibikaji. Mlikuwa mmejipanga kuhakiki majina yenu ya mbolea ya ruzuku, nami, katika kuonyesha umahiri wa uongozi, nikaketi kwenye kiti cha karani Bertila, nikaona kwenye daftari lake amri ya rm -r, nikaitafsiri kitaalamu kuwa ni “rekebisha majina, rudia”, nikaiandika, nikamalizia na jina la folda, nikabonyeza. (Minong'ono.) Kompyuta haikuuliza chochote. Niliichukulia kuwa ni heshima.

Mama Kabula, mfugaji wetu aliyehamia hapa kutoka Usukumani na ng'ombe wake, akasogea dirishani. “Mheshimiwa, jina langu liko wapi? Mvua zinakaribia, na mwaka jana nilirukwa.”

Nikamwambia linarekebishwa. Bertila akaandika ls. Pakawa peupe. Majina mia tatu na kumi na mawili, ndugu zangu! Hapo, nakiri, baridi yote ya Ufipa iliniingia kwenye koti.

“Bertila, mwanangu,” nikamnong'oneza, “nimefanya nini?”

“Umefuta, mzee. Hiyo haina kurudi nyuma. Ila jana jioni niliyanakili yote kwa cp, nikayaweka kwenye folda nyingine. Naomba kiti changu.”

Nikampisha. (Vicheko.) Akaandika mstari mmoja wa kuyarudisha, akaita ls tena, akafungua faili na kusoma kwa sauti: “Kabula Malimi, heka nne.” Mama akashika dirisha kwa mikono miwili, akasema, “Soma tena.” Akasomewa tena. (Vigelegele.) Tukio hilo nimeliripoti mkoani kama zoezi la kupima utayari.

Kwa hiyo, amri kwa karani, mbolea kwa mkulima! (Kimya.) Nakili kwanza, futa baadaye! (Makofi marefu, Mama Kabula anasimama.)

Nikimalizia, nawashukuru wafadhili, ambao tutawaandikia barua hivi karibuni, wakufunzi, ambao nafasi zao bado hazijatangazwa, na wahitimu arobaini, ambao kiti cha kila mmoja hapa mbele kiko wazi kwa kuwa hatujapata kuwasajili. Kipekee namshukuru Bertila, aliyejifunza mwenyewe kwenye kompyuta aliyokuja nayo kutoka kwao Kate, hii ninayosomea hotuba, na ambaye ananikumbusha sasa hivi kwamba anaihitaji, maana watu wamejipanga dirishani. Asanteni sana.