Bingwa wa Kando ya Mtambo

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Balaa limeingia nyumbani. Jumamosi hii kazini ni Siku ya Familia, na mke wangu ameshamwambia binti yetu. Binti ana miaka saba, na anaamini kuwa baba yake ndiye bingwa wa tenisi ya meza pale kiwandani tunapochapa vitabu. Nani alimwambia? Mimi. Bingwa ni Mhasibu, mtu mwembamba mwenye sweta, asiyetoka jasho hata akicheza. Sijawahi kumshinda. Sijawahi hata kumtia wasiwasi.

Binti ameuliza kama atapata kiti cha mbele. Nimemwambia cha mbele kabisa. Kweli ulimi hauna mfupa!

Jumanne, tarehe 4 Juni

Shemeji, mdogo wake mke wangu, amekuja kula. Anafanya kazi katika maabara ya ubongo, huko wanakowavisha watu kofia za nyaya na kuwamulikia vitaa. Nikamuuliza, kwa upole wa mtu asiye na njama yoyote, mchezaji hodari anauonaje mpira unaokwenda kasi vile.

Akasema haoni tu, anasikia pia. Sisi tunadhani jicho linamaliza kazi yake, sikio linamaliza yake, halafu ubongo unaitisha kikao. Wapi! Habari za jicho na za sikio zinaanza kuchanganyika mapema mno, zikiwa bado mlangoni, kabla mwenyewe hujajua umeona nini. Kitaa hafifu kikiwaka pamoja na mlio, mtu hukiwahi zaidi kuliko kikiwaka kimya. Basi hata mlio wa raketi unalisaidia jicho kuuwahi mpira.

Nikaweka kijiko chini. Mhasibu nimnyang'anye mlio! Shemeji alikuwa bado anaeleza jambo, sijui mlio usio wa kitu chenyewe, lakini mimi nilishafika jikoni kutafuta sifongo.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimebandika sifongo kwenye raketi. Nimeijaribu kwa Mtunza Ghala saa ya mapumziko. Kimya kabisa! Tatizo, mpira nao umekuwa mpole. Hauvuki wavu. Unadondoka upande wangu kama kitambaa kibichi. Mtunza Ghala ameniuliza kama naumwa.

Nyumbani mke wangu anatafuta sifongo lake la vyombo. Nimemsaidia kutafuta.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Akili nywele, na mimi leo nimeamka na zangu zote! Meza ihamishwe, iwekwe kando ya mtambo wa zamani wa kuchapia majalada. Ule ukigonga, ukuta mzima unatikisika. Mhasibu ofisi yake ina zulia. Atasikia nini? Mimi mtambo ule naulisha karatasi mwaka wa kumi na tano sasa. Ukigonga, mkono wangu unakwenda wenyewe kuchomoa jalada na kuingiza jingine, hata nikiwa naongea na mtu. Kelele zile mimi ni ndugu zangu.

Nikamwendea Meneja. Nikasema familia zingefurahi kuuona mtambo ukifanya kazi huku mechi inachezwa. Akanisifu kwa kukipenda kiwanda. Mhasibu naye akasema ni wazo zuri. Maskini!

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Binti amechora bango: BABA BINGWA. Amemwalika bibi yake na marafiki wawili wa shuleni. Nilitaka kumwambia ukweli palepale, nikafungua na mdomo. Akaniuliza kama ile herufi ya kwanza imenyooka. Nikasema imenyooka.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Sijui nianzie wapi.

Mwenzangu wa zamu akauwasha mtambo. Mhasibu akaanzisha. Mpira nikauona vizuri, unakuja. Mtambo ukagonga. Mkono ukaenda! Mpira ulikuwa haujavuka hata wavu. Wa pili ukafika, mkono ukatulia kuusubiri mtambo. Nikajiambia niache kusikiliza. Mkono haukuambiwa. Kila mtambo ukigonga, nachomoa jalada lisilokuwepo.

Mhasibu alibabaika mwanzoni, akakosa mipira miwili. Kisha akakaza macho, akatulia, akanifanya anavyotaka. Watu wakadhani naigiza vichekesho, wakanipigia makofi. Bibi yake binti alicheka mpaka akashikwa na kikohozi.

Shemeji, naye alikuwa amekuja kutazama, akanifuata kunieleza lile nililolikimbia Jumanne. Mlio ukitokea karibu na unachokitazama, ubongo huviunganisha, hata kama mlio si wa kitu kile. Na mimi miaka yote nimeufundisha mkono wangu kuufuata mlio ule. Nikalalamika kwamba angeniambia mapema. Akasema aliniambia, ila aliuambia mgongo wangu.

Binti hakulia. Alilikunja bango lake taratibu, akanitazama.

"Baba, kama bingwa ni wewe, yule ni nani?"

Nimeona aibu kwelikweli.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Asubuhi nzima binti hakunisemesha. Mke wangu akasema njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeshafika ukutani, niende nikaseme kweli. Nikamkuta binti ameketi ngazini. Nikakaa kando yake. Nikamwambia mimi si bingwa, sijawahi kuwa, nilimdanganya, anisamehe. Machozi yalinilenga, wallahi.

Akanishika mkono.

"Hata usipokuwa bingwa wa chochote, wewe ni baba yangu."

Hapo ndipo mtu mwenye akili zake angenyamaza. Nikajisikia nasema: wa chochote? Na bingwa wa drafti pale kazini ni nani, kama si mimi? Akaruka kwa furaha, akakimbia kumwambia bibi yake. Wanakuja Jumamosi, na bibi ameahidi kuwaleta majirani.

Bingwa wa drafti ni Dereva wa lori. Lakini nimegundua kitu. Yule hasogezi kete bila kuimba! Anaimba mchezo mzima. Sasa akizuiwa kuimba, je, kete ataziona? Nampigia shemeji nimuulize. Simu inaita tu, hapokei.