Nafasi Kumi na Nne za Nyumbani

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo limetoka. Hatimaye! Miaka mitatu diploma yangu ya uuguzi imelala ndani ya bahasha, na bahasha yenyewe nimeshaibadilisha mara mbili kwa kuchakaa. Mtaani wananiita Daktari, kwa dhihaka. Sasa watakoma.

Wauguzi wanatakiwa mikoa yote. Kila mwombaji achague mkoa mmoja tu. Ruhusa kubadili mpaka Ijumaa tarehe 14, saa kumi alasiri. Mkoa wetu una nafasi kumi na nne. Mkoa wa mpakani, siku mbili kwa basi, nafasi ishirini.

Mimi lazima nibaki hapa. Si uvivu. Baba alipigwa na kiharusi miezi saba iliyopita, upande wote wa kulia hauna kazi, na mtu aliyelala namna hiyo asipogeuzwa kila baada ya saa mbili mgongo unaoza. Dada yangu ni mpishi wa shule, anatoka kabla ya jua. Mchana mgeuzaji ni mimi. Nikiajiriwa hospitali ya hapa nitaomba zamu za usiku: mchana niko kwa baba, usiku dada yupo. Nitalala lini? Hilo litajulikana mbele ya safari.

Baba alikuwa fundi saa. Maneno yaliyombakia ni manne: maji, basi, geuza, mwanangu. Nikamsomea tangazo lote, kwa sauti ya kusoma taarifa ya habari. Akatazama saa ya ukutani, akasema geuza. Nilikuwa nimechelewa dakika nne.

Jumanne, 4 Machi

Nimepiga hesabu. Kundi letu la simu, Wauguzi Tunaosubiri, lina watu mia tatu na kumi na wawili. Wote wanataka kubaki mjini. Mia tatu na kumi na wawili kwa nafasi kumi na nne!

Sindano, ndivyo tunavyomwita, naye yumo. Tulisoma naye chuo kimoja. Mwembamba, mpole, mwenye mkono mwepesi, alinishinda mtihani wa kuchoma sindano kwa alama moja na mpaka leo anajifanya hakumbuki. Nimemuuliza anaomba wapi. Akasema hapa hapa, maana yeye akipanda basi zaidi ya nusu saa anatapika. Eti hiyo ndiyo sababu! Mtu anapanga maisha yake kwa kufuata tumbo.

Hawa watu inabidi waondolewe. Si kwa ubaya. Waondoke wenyewe, kwa furaha, wakiimba.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya. Niliandika kundini hivi: nimedokezwa na mtu wa ndani kwamba mkoa wa mpakani una shida kubwa ya wauguzi, kila atakayeajiriwa anapewa nyumba ya vyumba viwili, na mshahara unaongezwa nusu kwa ajili ya umbali. Nikaongeza kitanda cha futi sita. Uongo bila kitanda hauna pa kulala.

Saa nzima wakazungumza mambo mengine. Nikadhani nimeshtukiwa. Halafu mmoja akauliza maji yapo? Nikajibu ya bomba. Mwingine akauliza umeme? Nikajibu wa jua, haukatiki. Mpaka adhuhuri watu arobaini walikuwa wamesema wanabadili mkoa.

Nilicheka peke yangu mpaka baba akafungua jicho. Nilimwambia mambo safi, mzee, kijana wako ana akili. Akasema maji. Nikampa maji.

Jumapili, 9 Machi

Habari inakua vizuri kuliko mtoto wa kunyonya. Leo kundini wanasema nyumba zina friji. Friji sikuiweka mimi! Pia pikipiki, moja kwa kila wauguzi wawili. Mama mmoja ameandika kwamba binamu yake alikwenda mwaka juzi na sasa ni mkuu wa kituo. Watu mia na themanini wamehama.

Kichwani nimejipongeza. Lakini kwa nini mama huyo aandike hivyo, wakati jambo lenyewe nililizua mimi, jikoni, nikikoroga uji wa baba?

Jumatano, 12 Machi

Sijalala vizuri. Nilikwenda duka la dawa kununua poda ya mgongo wa baba. Mwenye duka, mtu mzima, mtu wa kuheshimika, asiyejua lolote kuhusu kundi letu, akaniuliza mbona mimi siendi mpakani. Akasema dereva mmoja wa malori alimwambia ameziona nyumba kwa macho yake. Mabati mekundu, zimepangwa mstari.

Mabati mekundu! Mimi rangi ya bati sikuitaja kabisa.

Nimefikiri njia nzima. Waswahili hawakukosea: lisemwalo lipo, kama halipo li njiani laja. Inawezekana nilibahatisha. Inawezekana kweli kuna mtu wa ndani, na mimi nilimsikia mahali nikasahau. Watu zaidi ya mia mbili, wote wasomi, hawawezi kudanganywa na mtu mmoja aliyeshika mwiko. Na mimi nimekaa hapa kama jiwe la jikoni, nikingoja zamu ya usiku.

Ijumaa, 14 Machi

Nimebadili. Saa tisa na dakika arobaini.

Si tamaa. Nyumba ni ya vyumba viwili, kimoja cha baba. Friji ni ya maji yake baridi. Dada naye atakuja, aache masufuria ya watu. Nilimweleza haya yote aliporudi. Akavua kilemba taratibu, akaniuliza kama si mimi niliyemwambia wiki iliyopita kwamba habari za nyumba nilizitunga mwenyewe. Nikamwambia nilizitunga, ndiyo, lakini sasa zimethibitishwa.

Alikwenda kukaa na baba, akamshika mkono ule usio na kazi.

Jumanne, 1 Aprili

Majina yametoka.

Mkoa wetu: nafasi kumi na nne, waombaji watano. Watano! Hata usaili haukufanyika. Wote wameajiriwa na leo wameripoti hospitali. Sindano yumo. Tumbo lake limemwajiri.

Mkoa wa mpakani: nafasi ishirini, waombaji mia tisa na kumi na moja. Kumbe na makundi ya mikoa mingine yalisikia. Usaili Jumanne ijayo, kule kule.

Nilikimbia mpaka ofisi ya ajira kuomba nirudishwe mkoani kwangu, maana nafasi tisa zimebaki. Karani akasema dirisha limefungwa tangu tarehe 14, akanionyesha dirisha lenyewe, na kweli lilikuwa limefungwa.

Sindano alipita jioni na sare nyeupe mpya, mikunjo ya dukani haijatoka. Alimsalimia baba kwa heshima zote, shikamoo mzee, akamgeuza bila kuombwa. Baba akamwambia mwanangu. Nilimweleza Sindano kwamba mzee siku hizi anachanganya watu.

Jumamosi, 5 Aprili

Naondoka leo. Dada amenisihi nisiende. Amesema baba anakohoa tangu juzi, kifua si kizuri, na kazi ya mmoja kati ya mia tisa si kazi, ni bahati nasibu. Nikamwambia asiyethubutu hapati. Akasema anayethubutu sana naye nimwangalie yuko wapi. Ulimi wa dada yangu ni wembe.

Ameomba ruhusa ya siku nne shuleni. Sindano ameahidi kupita kila akitoka zamu. Nimewaandikia maelekezo kurasa tatu: anza upande wa kulia, mto kati ya magoti, poda kidogo, shuka lisiwe na mkunjo, kisigino kisiguse godoro. Nimeyabandika ukutani.

Nikamuaga baba. Nilimwambia siku sita tu, mzee, halafu nakuja kukuchukua. Alinitazama sana. Akasema basi. Sikujua basi ya nini. Nilitoka haraka, sikutaka dada aone uso wangu.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimefika mpakani. Vumbi, upepo, na wauguzi. Uwanja mzima wauguzi! Wamelala juu ya mabegi, wamebana vyeti kifuani. Nimekutana na nusu ya kundi letu. Niliomba nionyeshwe nyumba. Mlinzi wa hospitali alicheka mpaka akashika nguzo. Mabati mekundu yapo kweli: ni ghala la mahindi. Wauguzi wao wenyewe wamepanga vyumba sokoni, na maji wananunua kwa ndoo.

Pale uwanjani hasira ilipanda. Mama mmoja aliyeacha mtoto wa miezi mitano kwa jirani alisimama akauliza ni nani huyo mtu wa ndani aliyetuleta huku, Mungu amlipe anavyostahili. Watu wote wakaitikia amina. Nami nikaitikia, kwa sauti. Kwa kweli, mtu yule ametuumiza sana.

Jumanne, 8 Aprili

Mtihani wa kuandika, wote mia tisa, chini, daftari mapajani. Swali la saba: mgonjwa aliyepooza ageuzwe kila baada ya muda gani, na kwa nini? Nikaandika kila baada ya saa mbili. Kwa nini, nikaanza kuandika, nikashindwa kuendelea. Nilitazama saa ya simu. Ilikuwa saa nne kamili, saa ya kumgeuza. Nikajiuliza kama wameanza upande wa kulia.

Nilikusanya karatasi nusu tupu. Nje nikaona dada amepiga mara sita. Nikampigia. Alipokea Sindano. Akaniita ndugu yangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na hapo hapo nikajua.

Kifua kilizidi alfajiri. Walimbeba mpaka hospitali. Sindano alikuwa naye mpaka mwisho. Saa nne kasoro dakika chache.

Baba yangu amekufa, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye vumbi nikieleza kwa maandishi jinsi ya kumtunza.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimefika. Wameshamzika jana, hawakuweza kuningoja. Kitanda kimesimamishwa ukutani. Watu wananipa pole, nami napokea, lakini kichwani nasikia geuza, geuza, kila nikitazama saa.

Nilimuuliza Sindano siku ile ya mwisho alianza upande gani. Akasema wa kushoto, kwa sababu kulia kulimpa shida ya kupumua. Nikamkaripia kwamba nilimwachia maelekezo wazi. Akaniacha niseme mpaka nikamaliza. Halafu akanishika bega. Afadhali angenipiga.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo amekuja Metroni wa hospitali, mkuu wa wauguzi wote, mwenyewe, kwa miguu, kutoa pole. Alipewa kiti, akakataa soda. Akasema siku ile baba alipopokelewa wodini walimlaza ubavu kumkagua mgongo, kama wanavyomkagua kila aliyelala muda mrefu, na hawakuona hata kidonda kimoja. Miezi minane kitandani! Aliwaita wauguzi vijana waje waone mgongo ule. Akauliza ni nani aliyekuwa akimuuguza. Sindano akamwambia ni mwanawe, na ana diploma, na hana kazi.

Metroni akasema nafasi tisa zingali wazi. Amepata kibali cha kuzijaza mwenyewe. Nifike Jumatatu na vyeti vyangu. Usaili hapana, usaili ameshauona.

Nililia. Naandika bila haya: nililia mbele ya Metroni, mbele ya dada, mbele ya Sindano. Dada naye alilia, akacheka, akalia tena. Alisema baba kaniachia kazi.

Jioni nilitulia nikafikiri kwa akili. Nafasi tisa, mjini, na hazina mwenyewe? Metroni mzima atoke ofisini, apite juani, kumfuata mtu nyumbani kwake? Hapana. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapo kuna jambo. Na leo hii kundini wameleta habari za mkoa wa visiwani: wauguzi wanatafutwa kwa tochi, nyumba ziko ufukweni, na safari hii mtu wa ndani ni wa kweli, maana si mimi. Watu mia mbili na sitini wameshakubali. Watu mia mbili na sitini hawawezi kuwa wajinga wote.

Nimekata tiketi. Basi ni la Jumapili.

Nimemwambia dada. Alikuwa anapepeta mchele, akaendelea kupepeta. Akaniuliza, na yeye atabaki na nani. Nikamwambia avumilie kidogo, kule wanatoa nyumba, nitakuja kumchukua. Akasema nyumba tunayo, hii hapa, vyumba vitatu, na kimoja sasa ni kitupu. Kisha akaingia jikoni akafunga mlango.

Maskini dada yangu. Ana moyo mzuri sana, lakini mambo ya soko la ajira hayaelewi kabisa.