Kigoda cha Miguu Minne

Zenon alikuwa hajawahi kuona kigoda kikipigwa picha mpaka siku alipoombwa ainuke kwenye alichokalia. Ilikuwa kilabuni, Sumbawanga mjini, na aliyemwinua alikuwa dada mmoja kutoka Dar aitwaye Cornelia, mfanyabiashara wa samani za kale. Cornelia alikipindua kigoda, akakipapasa tumbo, kisha akakinunua kwa mwenye kilabu bila kuomba apunguziwe. Mtu asiyebembeleza bei humfanya Zenon asimamishe masikio.

Alimsogelea kwa maneno laini. Akaelezwa kwamba enzi za kuelekea uhuru, mafundi wa karakana moja ya misheni walichonga vigoda vya miguu mitatu, iliyotanuka na kuchongoka chini, ambavyo leo matajiri huviweka sebuleni wasivikalie. Vya mitatu vipo vingi. Karakana ilitoa vichache mno vya miguu minne, na Cornelia alikuwa hajakitia mkononi hata kimoja. Atakayemletea atakuwa wakala wake Rukwa nzima.

Zenon, ambaye kazi pekee aliyodumu nayo ni kuikwepa kazi, alianza kuitwa wakala jioni ile ile, kwa amri yake mwenyewe.

Alijua Mfipa hatoi kigoda cha babake kirahisi. Alijua pia anachokiogopa: dumuzi, mdudu anayesaga mahindi ghalani kabla hayajaiona mashine. Basi akavaa koti jeupe, akafunga viti vya plastiki kwenye pikipiki yake, mali pekee aliyokuwa nayo chini ya jua, akaenda kijijini Mwazye. Kila nyumba aliyofika alitangaza kwamba kuna dumuzi wa aina mpya wanaozaliana kwenye vigoda vya zamani. Yeye anavikusanya vikateketezwe, na mwenye kigoda atafutwa machozi kwa kiti cha plastiki. Watu wakavitoa, wengine wakamwombea baraka. Msomaji asiwacheke, maana aliyewahi kufungua ghala akakuta vumbi huamini lolote.

Bibi Bertilla, mjane wa fundi wa ile misheni, alimkuta Zenon akipindua vigoda vya majirani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahesabu miguu?"

Zenon hakupepesa jicho. "Cha miguu minne ndicho hatari, bibi. Humo ndimo dumuzi jike hutaga."

Bibi akashika shavu. Alisema marehemu mumewe aliacha kimoja cha namna hiyo, ila kipo Kasense kwa mpwa wake Flavian, naye seremala. Akamsihi arudi Jumamosi, na vile vigoda vingine aviache kwake, asihangaike navyo barabarani. Zenon aliona huruma kumkatalia.

Jumamosi alikikuta kimetundikwa jikoni kwa bibi juu ya moshi, cheusi tii, miguu minne kamili. Aliihesabu mara mbili. Sasa bibi alikuwa amebadilika. Alikumbatia kigoda akisema ni ukumbusho wa ndoa, na heri dumuzi wamle yeye. Alikataa kiti kimoja cha plastiki, akakataa vyote vilivyobaki. Ndipo Flavian, aliyekuwa ameketi mlangoni, akaguna kwamba shangazi anateseka sana kutembea hadi kanisani.

Zenon alitazama pikipiki yake. Akakitazama kigoda. Wakala wa Rukwa nzima atapanda gari, alijiambia, akatoa ufunguo. Vigoda vya miguu mitatu akaviacha, maana sasa hakuwa na cha kuvibebea, na bibi aliahidi kuviteketeza mwenyewe.

Alirudi mjini juu ya lori la mahindi, amekipakata kigoda. Cornelia alimpokea kwenye ua wa nyumba ya wageni. Akaenda moja kwa moja kwenye nyayo za miguu ile, akazikwangua kwa ukucha.

"Umekitoa wapi?"

"Jikoni kwa bibi mmoja. Kimekaa mle tangu enzi za misheni."

"Jiko lina sakafu ya nini?"

"Ya udongo."

Cornelia alikiweka chini, uani, kikayumba. Vya miguu minne, alimweleza, vilichongwa kwa ajili ya nyumba ya mapadri iliyokuwa na sementi. Juu ya udongo usio sawa kigoda hutulia kwa miguu mitatu, ndiyo sababu hakuna mama aliyekitaka cha minne jikoni mwake. Na hiki masizi yake yalikuwa ya wiki hii, nyayo zikiwa nyeupe kama mbao za jana.

Aibu ilimpanda Zenon hadi masikioni. Alizaliwa juu ya sakafu ya udongo, akajifunza kukaa juu ya kigoda cha miguu mitatu kabla ya kutembea. Haya yote aliyajua, ila alikuwa ameyasahau kwa makusudi siku alipohamia mjini.

Alirudi Mwazye kwa miguu yake mwenyewe, kigoda kichwani. Uani kwa Bibi Bertilla majirani walikuwa wameketi juu ya vigoda vyao wakinywa togwa, na wageni wao kwenye viti vya plastiki. Alimwamkia bibi, akaiulizia pikipiki yake kwa sauti ya chini.

"Pole, mwanangu," alisema bibi. "Tuliipindua, tukakuta ina dumuzi. Flavian ameipeleka Mtowisa ikateketezwe."

Hakuna aliyecheka. Walimtazama kwa masikitiko, kama walivyomtazama alipokuja na koti jeupe. Bibi akamkaribisha akae apumzike. Zenon alitafuta pa kukaa, viti vyote vikawa na watu. Akakitua kigoda chake, akakikalia, kikaanza kuyumba.