Mji wa Wamaya Nilioufikia Kitandani

Jumatatu, 5 Agosti 1974. Kihesa, Iringa.

Jambo hili nimelificha miaka ishirini na minane. Sasa moyo wangu unapiga kwa kurukaruka, na daktari amemwambia binti yangu Esta maneno ambayo Esta hataki kuniambia. Basi niandike. Sijawahi kufika katika mji uliopotea wa Wamaya. Sijafika Amerika. Hata meli sijapanda.

Nimesimulia darasani, kanisani na vilabuni kwamba mwaka 1946 afisa mmoja wa Kiingereza alinichukua ng'ambo kumbebea vyombo vya kupimia ardhi. Uongo! Mwaka huo nilikuwa hospitali ya jeshi, Nairobi, na homa ya matumbo, nikisoma gazeti la picha alilolisahau mgonjwa mwingine. Kurasa nne. Msitu, mahekalu, kasuku. Nilirudi nyumbani bila cheo, bila nishani, bila hata baiskeli. Mtu hawezi kurudi kutoka vitani mikono mitupu. Nikarudi na mji.

Leo imekuja barua kutoka Mbeya. Tusekile, mwanafunzi bora kuliko wote niliowafundisha, sasa ni mwalimu wa elimu ya watu wazima. Ameandika kitabu cha kusomea. Sura ya sita: Mtanzania aliyeuona mji wa Wamaya. Mimi! Anakuja kesho kuhakikisha maelezo. Ijumaa anaupeleka mswada Dar es Salaam, na jina lake juu ya jalada. Msomi mmoja tu akiuliza meli gani, bandari gani, mtoto wa watu amekwisha. Ataitwa mzushi mpaka astaafu.

Lazima nimwokoe. Bila kujiaibisha, ikiwezekana.

Jumanne, 6 Agosti.

Amefika jioni na mkungu wa ndizi. Mwanamke mzima, mwenye miwani, na bado alipiga goti aliponiamkia. Nilitamani kitanda kinimeze.

Kasema ametoka semina walikofundishwa kupima ushahidi. Maswali matatu. Shahidi alikuwepo kweli? Ana faida gani kusema anayosema? Yuko mwingine wa kumthibitisha? Nilifurahi sana. Kwa maswali hayo sitapita!

Mpango wa kwanza: kujipinga mwenyewe. Siku zote nimesema ngazi za hekalu ni tisini na moja. Leo nimesema arobaini. Mji ulikuwa mlimani. Leo nimeushusha kando ya ziwa. Kasuku nimewageuza bata. Nikangoja anikamate.

Aliandika yote, macho yanang'aa. Kisha akanieleza kwa upole, kama vile mimi ndiye mwanafunzi, kwamba mwongo hukariri neno kwa neno. Anayekumbuka kwa kweli hupotewa na hiki na kile. Na bata wamemaliza shaka zake zote, maana hakuna mtu duniani ambaye angebuni bata.

Mungu wangu. Bata!

Jumatano, 7 Agosti.

Mpango wa pili: Marcelino. Huyu ni fundi baiskeli wa hapa Kihesa, Mngoni wa upande wa Peramiho. Kule hospitalini Nairobi alilala kitanda cha jirani. Yeye peke yake anajua, na hajawahi kunitaja. Si kwa huruma. Ameitunza siri yangu kama watu wanavyotunza jogoo wa Krismasi.

Esta akamwita. Alipoingia alikipima kitanda changu kwa mikono, akauliza koti langu la sufu ameahidiwa nani, akanilaumu kwa kuwachelewesha watu ambao wamekwisha kujiandaa kwa msiba. Nikamvuta karibu, nikamwomba amwambie Tusekile ukweli. Akauliza kama nina hakika. Tangu tufahamiane sijawahi kumwona usoni hana kicheko.

Akavua kofia, akasimama mbele ya Tusekile. "Mwanangu, huyu Mhehe hajafika popote. Nilikuwa naye. Alikuwa kitandani anaharisha."

Tusekile alicheka hadi akavua miwani kufuta machozi. Kasema utani wa Wangoni na Wahehe ameusikia tangu utoto, ila hajapata kuuona ukifanywa kwa ustadi hivi, tena mbele ya mgonjwa! Marcelino akaapa kwa Bikira Maria. Wakacheka zaidi. Akaapa kwa kaburi la mama yake. Esta akalazimika kuketi. Hapo Marcelino akakasirika, akasema Wahehe kwa kula mbwa tumepoteza pua, hata ukweli ukipita hatuusikii harufu. Basi, ikawa ndiyo imekwisha. Tusekile akaandika daftarini: shahidi wa pili anakiri walikuwa jeshini pamoja.

Nani alinituma nimtegemee mtani? Mtani hata akisema paa linaungua, watu humpigia makofi.

Mlangoni Marcelino aligeuka. "Umeniharibia, Silvester. Neno hili nilikuwa nalitunzia mazishi yako."

Alhamisi, 8 Agosti.

Baridi. Upepo unapenya mpaka chini ya blanketi mbili. Mwandiko umekuwa wa kuku.

Tusekile alikuwa anamenya ndizi na Esta, mlango wazi, nikasikia. Mwaka 1951, nilipokuwa nafundisha kule Mbeya, baba yake alitaka kumtoa shule aolewe. Yeye akamwambia baba kwamba uko mji uliomezwa na msitu, na mwalimu wetu ameuona kwa macho yake, na yeye hataki kuolewa kabla hajajua mengine yaliyomezwa. Mzee akacheka, akamwachia mwaka mmoja. Kisha mwingine.

Sikujua nilitie wapi neno hilo. Niligeukia ukuta. Watoto wangapi niliwapa mawe ya uongo wajengee? Huyu alijenga nyumba nzima, na mimi ndiye ninayejua msingi hauko.

Mpango wa tatu: kufa leo, mswada usimamishwe kwa heshima ya msiba. Nilifumba macho baada ya chakula cha mchana, nikajitahidi. Esta akaleta uji. Nikanywa.

Ijumaa, 9 Agosti.

Alikuja kuaga asubuhi, mkoba begani, akaketi ukingoni mwa kitanda. Nikamwambia. Moja kwa moja. Kwamba sikwenda, kwamba ni gazeti, kurasa nne.

Hakucheka. Akauliza polepole, hata ngazi, Mwalimu? Nikasema hata ngazi. Akasema basi sura ya sita anaifuta.

Imekwisha! Ameokoka. Mwenye akili angefunga mdomo pale pale.

Lakini uso wake. Alikuwa kama mtoto aliyeambiwa kwamba zile alama zilikuwa za mwenzake. Ndipo nikaisikia sauti yangu ikisema kwamba mimi sikufika, ila kaka yangu alifika, marehemu Selestini. Ndiye aliyebeba vyombo vya afisa. Alitoroka jeshini baadaye, akaniapisha nisimtaje, kwa hiyo nikasimulia kwa jina langu.

Tusekile aliinua kichwa. Kasema sasa imeeleweka kwa nini ngazi zilikuwa zinapungua: yalikuwa maneno ya kusikia. Tena kule semina waliambiwa hakuna shahidi wa kuaminika kama yule anayejivua heshima yake mwenyewe. Akalifuta jina langu, akaandika la Selestini. Akanibusu mkono.

Esta alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Akarudi nacho jikoni.

Basi la Dar es Salaam limeondoka saa nne, na mswada umo ndani. Sasa niuandike ukweli wote, maana hakuna mwingine atakayeuandika. Mama yangu alizaa mara moja tu.