Mitambo Yenu Igeuzwe Itazame Chini

Kwa Mkurugenzi,
Mradi wa Kupima Anga, Kituo cha Mutomo.

Mheshimiwa,

Bwana asifiwe. Natumaini una afya njema, na kama huna, nijulishe, maana kuombea watu ndiyo kazi yangu. Mimi ni Wayua Mutisya, mwenyekiti wa kamati ya maombi ya mvua katika kanisa letu hapa Mutomo. Kwa heshima, nalalamikia ile mitambo mliyoweka kilimani. Mmoja hupiga mwanga wa leza juu, na mwanga ukirudi unajua palipo na vumbi, moshi na unyevu. Mwingine hutuma mawimbi yanayogonga matone ya mvua hata iliyo mbali.

1. Imeninyang'anya kamati. Mwezi uliopita nilitangaza mfungo. Mzee Musyimi akasimama kanisani, akasema amemuuliza Gakenia, yule binti wenu anayehudumia mitambo, na ameambiwa hewa ni kavu hadi juu kabisa, na mvua haiji mpaka wiki ijayo. Basi ya nini kukaa njaa kabla ya wiki ijayo? Waumini wakaitikia amina. Wiki hiyo ilipofika, mvua ilinyesha Jumatatu, na mfungo tuliousogeza ulikuwa uanze Jumanne. Tukabaki na shukrani tu, ambazo hazihitaji kamati.

2. Inachongea watu. Mume wangu Mutisya alikuwa amemhakikishia chifu kwamba ameacha kuchoma makaa. Gakenia akaleta barazani picha ya rangi ya hewa ya Mutomo, na wekundu wa moshi ulikuwa umesimama juu ya shamba letu kama bendera. Hakutaja jina la mtu. Ni adabu nzuri, lakini haikusaidia, maana kila mtu aligeuza shingo.

3. Mimi na jirani yangu Nzisa hatukuwahi kukosana, kwa sababu kila asubuhi tulikuwa tukibishana kuhusu mvua. Siku hizi jibu linakuja kwa simu kabla ya chai. Kwa kukosa la kusema tukaanza kuzungumzia watoto wetu, na sasa hatusalimiani.

4. Leo inaona ndani ya mawingu. Kesho itapita mawingu. Mheshimiwa, unajua Anayekaa huko. Je, aliombwa ruhusa?

Kwa hiyo naomba mitambo igeuzwe itazame chini. Maji tunayoyatafuta sisi mara nyingi yako huko, na huko hakuna wa kuchongewa ila mchwa. Ikishindikana, ipelekwe Sultan Hamud, mji ulio kando ya barabara kuu, ambako watu wamezoea kutazamwa na wapita njia.

Nisalimie wote ofisini, na Gakenia pia, ambaye sina ubaya naye.

Wako katika maombi,
Wayua Mutisya

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha Gakenia aliponipigia simu. Hapa jua lilikuwa kali, hakuna hata wingu. Mutisya alikuwa ameshuka mtoni, ambako ni mchanga mtupu, kuchimba maji ya mbuzi. Gakenia akasema, "Mama, kule juu mto unakotoka kumenyesha sana. Kama kuna mtu mtoni, mtoe sasa." Nilikimbia bila viatu nikiita mpaka sauti ikakatika. Mutisya alibisha kidogo, akionyesha anga, kisha akapanda na mbuzi wake. Hatukuwa tumefika mbali maji yalipokuja na magogo, yakajaza mto ukingo hadi ukingo. Sasa amekaa jikoni, anakula.

Mitambo iacheni ilivyo. Ila namba ya Mutisya iongezwe kwenye orodha ya simu mnazozipelekea ujumbe, maana miguu yangu haina mbio tena.