Siku Sita za Kutonukia

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku kubwa! Arbab Humoud, yaani tajiri wetu, kaingia dukani saa nne asubuhi na mfuko mrefu mweusi begani. Nikadhani ni gitaa. Kumbe upinde. Si upinde wa Wasanye, wawindaji wa kwetu pwani, huu. Una magurudumu mawili, kamba tatu na kitabu kizima cha maelezo.

Kasema mwezi ujao anakwenda Hungaria kuwinda kulungu, wale wenye pembe za matawi. Kasema kulungu anaishi kwa pua. Akikunusa tu, khalas, umemkosa. Kwa hiyo anataka kwenda na mtu anayejua harufu. Na nani anajua harufu kuliko wauzaji wake wawili wa udi na manukato hapa Muraqqabat, Dubai? Yaani mimi. Na Nasifu, kwa sababu ya adabu tu.

Jumamosi atatupima kwenye shamba la rafiki yake huko Al Awir, ambako wanafugwa kulungu tisa. Hapa nchini kuwinda ni marufuku, hivyo hakuna mishale, kila mtu na simu yake. Atakayempiga picha kulungu kwa karibu zaidi atakwenda Hungaria, na atakabidhiwa funguo za duka letu jipya la Oud Metha. Meneja!

Nasifu kauliza kama kulungu wanauma. Mganda huyu ana miaka miwili kwenye manukato, na bado ukimuuliza waridi na asumini atakwambia yote ni maua. Nimemwonea huruma.

Mimi, Adib, ni mtoto wa Kibokoni, Mombasa. Nepi zangu zilifukizwa udi. Tena kuna jambo la Zulaika. Mwezi wa nane nilimwandikia babake, Mzee Rafiq, kwamba mimi ni meneja wa duka la Oud Metha. Wakati huo duka lilikuwa bado halijapakwa rangi. Mzee kajibu kwamba posa yangu ameisikia, ila kwanza anataka kuniona nimekaa kwenye kiti cha umeneja. Sikusema uongo. Niliwahi tu.

Jumanne, 7 Oktoba

Asubuhi yote nimesoma habari za uwindaji nyuma ya kaunta. Sheria ya kwanza ni kwamba mwindaji asiwe na harufu yoyote. Si nzuri, si mbaya. Aoge kwa sabuni isiyonukia. Asile vitunguu. Nguo zake azifungie kwenye mfuko pamoja na udongo na majani, zikae humo mpaka siku yenyewe.

Nimeanza mara moja. Leo nimetoka nyumbani bila udi, bila mafuta, bila hata dawa ya kwapa. Nilijiona niko uchi. Kwenye basi kutoka International City nilikumbatia mkoba wangu njia nzima kwa aibu.

Tatizo ni kazi yenyewe. Muuza manukato hunuswa yeye kwanza, ndipo chupa zake. Madam mmoja kaniinamia, kavuta pumzi. Kisha kauliza muuzaji yuko wapi. Wa pili kadhani nimekuja kutengeneza kiyoyozi, kanionyesha kilipo. Saa sita nikazima chetezo cha mlangoni ili moshi usinishike. Humoud katoka ofisini mbio kuuliza nani amefariki, maana chetezo chetu hakizimwi ila kwa msiba.

Nasifu kahudumia wateja kumi na wawili leo. Mimi hata mmoja. Acha auze. Mimi natazama mbali.

Jumatano, 8 Oktoba

Silaha imefika! Kichupa cha mkojo wa kulungu jike, niliokuwa nimeuagiza mtandaoni kwa siri. Maelezo yanasema tone moja tu, na dume litakuja mbio na moyo wake wote. Nikafungua kidogo kujaribu. Subhanallah! Zizi zima lilitoka mle ndani.

Nyumbani siwezi kuuweka. Tunaishi wanne chumba kimoja, na mmoja wao ni Herbert, askari wa ulinzi kutoka Mbale, Uganda, ambaye hutumia kila kilichomo kwenye friji kisha huuliza kilikuwa cha nani. Kwa hiyo nikafanya la akili. Nikaumimina kwenye kichupa kisicho na lebo, nikakificha dukani, kwenye droo ya testa, vile vichupa vya kuwaonjesha wateja harufu. Kati ya vichupa themanini, nani atakijua?

Saa kumi. Madam mmoja wa makamo, mjuzi wa udi, mwenye pua ya kutisha. Nasifu kafungua droo. Nikakohoa. Kaingiza mkono. Nikakohoa zaidi. Nasifu kaniletea maji, kisha karudi kwenye droo na kutoa kichupa changu.

Madam kajipaka kwenye kifundo cha mkono. Kafumba macho. Nikatafuta kwa macho mlango wa nyuma. Kisha kasema huu ndio udi wa Kihindi wa zamani, ule wenye mnyama ndani yake, ambao babake alikuwa nao na ambao siku hizi haupatikani. Kautaka wote.

Ningesema nini? Kwamba madam, hapo mnyama yuko kweli? Alishajipaka hadi nyuma ya masikio. Nasifu kamfungia kwa utepe wa dhahabu. Humoud kampongeza mbele yangu, kamwambia ana pua. Pua! Nasifu!

Alhamisi, 9 Oktoba

Sina chambo. Lakini leo wakati wa kunywa chai nimekumbuka jambo ambalo Wazungu wote hawakuliandika. Miski! Kila mtoto wa pwani anajua kwamba asili ya miski ni kitovu cha paa. Paa na kulungu ni mtu na binamu yake. Kwa hiyo kulungu akisikia miski atadhani jamaa yake amekuja na habari za nyumbani. Ni kweli miski yetu hutoka kiwandani, kwenye mapipa. Kulungu wa Al Awir atajuaje? Nimechukua chupa moja kubwa.

Nguo nazo tayari. Shati na suruali za rangi ya mchanga, nimezifua mara tatu kwa sabuni isiyonukia. Majani ya mghafu, mti wa jangwa la huku, nimeyachuma kando ya maegesho, na udongo nimeuchota palepale. Mlinzi akaniuliza nazika nini. Nimevitia vyote pamoja kwenye mfuko na kuufunga kwa karatasi ya gundi. Mimi mwenyewe nimeoga kwa soda ya maandazi.

Herbert kaninusa kuanzia kichwani hadi miguuni, kwa makini ya kikazi. Kasema kweli, ssebo, yaani bwana kwa lugha ya kwao, huna kitu. Kasema nanukia ukuta. Hayo ni maneno matamu kuliko yote niliyoambiwa mwaka huu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Balaa! Leo ni mapumziko. Nimerudi kutoka msikitini, namkuta Herbert anakaanga mukene, yaani dagaa wa ziwa lao, mzigo mzima aliotumiwa na mamake. Mlango wa jikoni wazi. Feni inazunguka. Mfuko wangu uko juu ya kitanda, hatua nne kutoka kwenye kikaango! Nguo zangu zote nyingine zilikuwa zimetundikwa mlemle. Hizo nikazihesabu marehemu. Nikaunyakua mfuko nikakimbia.

Ghorofa ya chini anaishi Shangazi Khairunisa, dada wa baba yangu. Ndiye mama wa kila kijana wa Mombasa anayepita jengo hili. Nikamwambia hizi ni nguo za safari yangu na arbab, safari ambayo posa yangu yote inaitegemea. Anitunzie mpaka asubuhi, na tafadhali asifungue. Kasema nisiwe na shaka, mwanangu, atazitunza kama nguo za harusi. Kaugusa mfuko. Kaunusa. Kanitazama kwa huruma ambayo sikuielewa.

Nasifu hana habari kabisa. Siku yake ya mapumziko kaenda shambani Al Awir kumtembelea Zedekiya, mtunza wanyama wa pale, mtu wa kwao. Kanitumia picha. Anafagia zizi! Mtihani kesho, na yeye anafagia zizi. Nimecheka peke yangu kwenye ngazi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika nikiwa bado nimevaa zile nguo. Hakuna faida ya kuzivua. Harufu imeshaingia kwenye ngozi.

Saa kumi na mbili asubuhi gari la Humoud lilikuwa chini, linapiga honi. Nikagonga kwa Shangazi. Katoka na shati na suruali kwenye hanga, zimepigwa pasi mpaka zinasimama zenyewe. Kasema alipoona udongo unavuja mfukoni hakuweza kuvumilia. Kafungua, kakuta mchanga na majani makavu, na machozi yakamtoka kwa kuwa mtoto wa kaka yake hana hata mtu wa kumfulia. Kazifua. Kazifukiza udi saa tatu nzima. Kanyunyiza marashi. Mfukoni katia asumini. Kasema mtoto wa Kibokoni hasimami mbele ya tajiri wake ananuka shimo.

Nikambusu mkono. Ningefanya nini? Nguo zangu nyingine zilikuwa mukene mtupu.

Garini Humoud kavuta pumzi, kasema mashallah.

Njiani nikajipa moyo. Nikafikiri, udi umeshaingia, hautoki. Dawa yake ni kuuzidi nguvu. Tulipofika nikajimiminia chupa yote ya miski. Upepo ulikuwa mgongoni kwangu. Nilisoma kwamba upepo utoke kwa mnyama uje kwako, lakini kuzunguka ilikuwa mbali na jua lilishaanza kuchoma. Tena bila upepo miski ingemfikiaje? Nikapiga magoti, nikaanza kunyemelea.

Hatua mia mbili. Dume kubwa likainua kichwa. Likapiga chafya. Wallahi nimeisikia! Kisha wote tisa wakageuka na kutimka mpaka pembe ya mwisho ya shamba.

Pembe hiyo alikuwa amekaa Nasifu. Amekaa tu, juu ya ndoo ya chakula chao, amevaa ovaroli kuukuu la Zedekiya ambalo halijaona maji tangu Ramadhani. Hakunyemelea. Hakujipaka chochote. Ananukia nyasi na samadi, yaani ananukia nyumbani kwao. Wakamwendea moja kwa moja na kujificha nyuma yake, wakinikimbia mimi! Dume likamlamba sikio. Kajipiga picha nalo, wote wawili wametulia kama ndugu kwenye sikukuu.

Picha yangu ina vumbi na mkia mmoja.

Humoud kampa funguo palepale. Nasifu kalia. Na mimi nililia, nikasema ni vumbi. Kisha nikamfikiria Zulaika, anayeamini kila neno ninalomwandikia, na anayewaambia wenzake kwamba mchumba wake ni meneja. Hilo limeniuma. Limeniuma kweli, kuliko magoti.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeinuka! Humoud kaniita asubuhi, sauti imemkauka kwa kucheka. Video aliyonipiga jana kwa simu yake kaitazama mara kumi. Kasema yalla, nitayarishe pasipoti, nami nakwenda Hungaria. Nasifu atakaa naye, na mimi nitasimamishwa upande wa pili wa msitu, upepo mgongoni, nimevaa nguo zilezile na miski ileile, ili kulungu wote wakimbilie kwenye upinde wake. Kasema hakuna mbwa anayeiweza kazi hiyo. Hakuna mbwa! Sijawahi kusifiwa hivyo na mwajiri.

Nimemwandikia Mzee Rafiq mara moja kwamba nimepandishwa cheo kutoka Meneja hadi Mkurugenzi wa Upepo, safari za Ulaya. Kajibu kabla ya adhuhuri. Kasema upepo haujui, anajua viti. Desemba anakuja Dubai yeye na Zulaika, aone kiti changu kwa macho yake.

Nasifu kaniona nimekaa kinyonge, kauliza kuna nini, nikamweleza. Kasema hilo si jambo. Siku ya wageni nikae kwenye kiti chake kutwa nzima, na yeye atasimama mlangoni aniite bosi. Kaapa hatamwambia mtu. Nimekataa. Siombi kiti kwa mtu anayelambwa masikio.

Nina mpango bora. Nimeagiza tena ule mkojo, safari hii vichupa viwili. Asubuhi ya ugeni nitadondosha chini ya kile kiti. Nasifu atashindwa kukaa, atatoka mwenyewe, nami nitaingia na kukaa mbele ya Mzee Rafiq kwa heshima zangu zote.

Yule madam wa Jumatano kapita leo kuulizia udi wake. Kasema atakuwa anakuja kila wiki mpaka upatikane. Mimi hayanihusu. Mzigo ukifika nitaumimina kwenye vichupa visivyo na lebo na kuuficha kwenye droo ya testa, kati ya vichupa themanini.

Suti ya siku hiyo nimeshampelekea Shangazi Khairunisa, imo kwenye mfuko, imefungwa. Nimemwambia anitunzie na asifungue. Kaugusa mfuko, kaunusa, kanitazama kwa huruma ileile. Mwanamke mwaminifu sana.